Mtoto Ndani ya Chumba cha Maombi

Mama zetu mnaosonga bugali sasa hivi huku redio inaongea pembeni, karibuni. Papa uliyerudi kutoka kazini na bado hujavua viatu, vuta kiti. Kaeni nami kidogo.

Leo nataka tuzungumze juu ya filamu za kutisha. Lakini nataka aina moja tu ya filamu hizo. Ni zile ambamo kijana anaanza kukua, mwili unabadilika, moyo unaanza kupenda, na anajikuta anampenda mtu ambaye nyumbani na kanisani wamemwambia hapaswi kumpenda. Msichana anampenda msichana mwenzake. Mvulana anampenda mvulana. Na nyumba yao ni nyumba ya sala. Ndipo vitisho vinapoanza: taa zinazimika zenyewe, ndege wanajigonga kwenye vioo, mtoto anaanguka na kutetemeka, na wazazi wanasema ni pepo.

Najua mada hii ni nzito. Najua kuna mkono tayari unaelekea kwenye kitufe cha redio. Nakuomba, ndugu, usizime. Mimi ninayesema nanyi ni mtu wa kanisa, nimelelewa katika sala na bado nasali. Neno langu la leo nitalisema sasa hivi, halafu nitalirudia njiani ili atakayechelewa asilikose: kuomba pamoja na mtoto ni jambo moja, kuomba dhidi ya mtoto ni jambo jingine kabisa.

Mtu ataniuliza: sisi wa Ituri, hapa Kongo, tuna haja gani na filamu za kutisha? Swali hilo ni la haki. Tumezika watu wengi. Wapo wanaonisikiliza wakiwa kambini, chini ya turubai, na si mwaka wao wa kwanza hapo. Mtu aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni hahitaji kuonyeshwa kinachotisha. Lakini pita kwenye chumba cha video siku ya Jumapili alasiri. Benchi zimejaa vijana, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, na mara nyingi inayochezwa ni filamu ya mizimu, ya wachawi, ya mapepo. Hawa ni vijana waliokulia ndani ya vita. Kwa nini walipe pesa ili waogopeshwe?

Mimi nadhani ni kwa sababu hofu ya filamu ina mwanzo na ina mwisho, na ikiisha mtu anatoka nje akiwa mzima. Halafu hofu hiyo ina sura. Katika maisha yetu hatujui kila mara hofu inatoka upande gani. Filamu inakuonyesha kwa kidole: ni huyu. Na hapo ndipo nataka tusimame. Filamu ya kutisha inatufundisha nani wa kuogopa. Kwa hiyo kila tunapoitazama tuulize: kamera imesimama upande wa nani? Inaniambia nimwogope nani?

Mnajua kwamba filamu nyingi zinazofika kwetu zinakuja na sauti ya mtu mwingine juu yake. Kutoka Uganda zinakuja zile za VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda. Kenya wanaye DJ Afro. Tanzania alipata sifa sana Lufufu. Watu hawa ni mafundi wakubwa, na bila wao mamangu asingefurahia filamu hata moja ya Kihindi. Lakini mtafsiri hatafsiri maneno tu. Anakwambia huyu ni mwema, huyu ni mbaya, angalia macho yake, jihadhari naye. Nimewahi kukaa katika chumba kama hicho, hapa hapa mjini Bunia, ikaja picha ya msichana yuko kitandani peke yake analia. Hasemi neno. Mtafsiri akapaza sauti: pepo limeamka! Chumba kizima kikashtuka, mwingine akapiga ukelele. Wasikilizaji, kwenye kioo kulikuwa na mtoto analia. Pepo lilikuwa kwenye maikrofoni.

Nawaza sana juu ya dakika ile. Maana sauti kama hiyo tunayo pia majumbani mwetu.

Tuziangalie kwanza filamu tulizozizoea. Mwaka 1999 ilitoka Nijeria filamu inayoitwa End of the Wicked. Iliongozwa na Teco Benson, na aliyeiandika na kuitoa ni mhubiri, Helen Ukpabio. Ndani yake watoto wanatoka usiku katika miili yao, wanakwenda baraza la shetani, wanapanga jinsi ya kuangamiza wazazi wao. Kwa macho ya mtu wa kawaida ni watoto tu, wanakula, wanacheza, wanalala. Filamu inasema: usidanganyike. Watetezi wa haki za watoto nchini Nijeria wameilaumu kwamba ilichochea wazazi kuwatesa watoto wao. Mhubiri mwenyewe amekataa lawama hiyo. Mimi sitaamua kesi yao hapa. Nasema tu kamera ilikuwa imesimama upande gani: imesimama na watu wazima, inamtazama mtoto kwa hofu.

Njia hiyo hiyo imefuatwa katika filamu za Nijeria zilizomhusu mwanamume anayependa wanaume. Iko moja ya mwaka 2010, Men in Love, ambamo mapenzi ya namna hiyo yanafungamanishwa na dawa na uchawi, na mlango wa kutokea ni maombi ya mchungaji. Filamu za namna hii zimeingia katika nyumba nyingi za Afrika, na nyingine zinaonyeshwa kanisani kabisa, kama sehemu ya mahubiri. Kijana anayejijua moyoni, ameketi benchi la tatu katikati ya korali, anajiona kwenye kitambaa cheupe, na anajiona akiwa shetani. Atakwenda kumwambia nani?

Sasa tugeuze kamera.

Iko filamu ya Marekani ya mwaka 1976, Carrie, ya Brian De Palma, iliyotoka katika riwaya ya Stephen King. Wengi mnaijua, kwa hiyo sitakaa hapo. Nawakumbusha tu inavyoanza. Msichana anaona damu ya mwezi kwa mara ya kwanza, akiwa shuleni bafuni, na anadhani anakufa, kwa sababu mama yake hajawahi kumwambia kitu. Wenzake wanamcheka. Anarudi nyumbani akitafuta mama wa kumtuliza. Mama anaiita damu ile dhambi, anamsukuma katika kabati lenye sanamu na mshumaa, anafunga mlango, anamwambia aombe. Hakuna jini lolote katika sehemu hiyo. Kuna mama, kuna ufunguo, kuna Jina la Mungu. Nawauliza akina mama wa Bunia: wangapi kati yenu mliambiwa mapema? Na wangapi mmewaambia mabinti zenu?

Lakini filamu ninayotaka tukae nayo ni nyingine. Inaitwa Thelma. Ni ya mwaka 2017, ya Joachim Trier wa Norwei, nchi ya baridi kali kaskazini mwa Ulaya. Naomba mnifuate polepole.

Inaanza juu ya ziwa lililoganda, limekuwa gumu kiasi kwamba mtu anatembea juu yake. Baba na binti yake mdogo wanakwenda kuwinda. Mtoto anatazama chini, anaona samaki wanaogelea chini ya barafu. Wanaingia msituni. Swala anatokea. Mtoto amesimama mbele, ametulia, anamtazama mnyama. Baba nyuma yake anainua bunduki, analenga swala. Halafu, taratibu, mtutu unahama. Unatoka kwa swala, unakuja kwenye kisogo cha mtoto. Mtoto hajui. Baba anakaa hivyo, anapumua, kisha anaushusha.

Ndivyo filamu inavyofunguka. Hatujaambiwa kitu chochote, lakini tumeshaonyeshwa hofu iko mikononi mwa nani.

Miaka inapita, Thelma anakuwa mkubwa, anakwenda Oslo kusoma chuo kikuu. Wazazi ni Wakristo wa msimamo mkali. Wanampigia simu kila siku: umekula nini, umekuwa na nani. Siku moja yuko maktaba, msichana anaitwa Anja anakuja kuketi karibu naye. Hapo hapo Thelma anaanza kutetemeka, anaanguka, na nje ndege wanajigonga kwenye vioo. Madaktari wanampima, hawaoni kifafa. Mwili unasema kile ambacho kinywa kimekatazwa kusema.

Wanakuwa marafiki. Thelma anamsimulia Anja jambo la utotoni, tena analisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesimulia safari. Anasema baba yake aliwahi kuushika mkono wake juu ya mshumaa unaowaka, akaushikilia hapo mpaka alipohisi anaungua, akamwambia kwamba jehanamu iko hivyo, muda wote. Baba huyo ni daktari. Anaongea kwa upole, hapigi kelele. Wasikilizaji, hilo ndilo jambo lililonikaa. Filamu haikumfanya baba kuwa jambazi. Baba anampenda mtoto wake, na mama anampenda. Wanamwogopa pia. Upendo uliochanganyika na hofu ndio unaoshika mkono wa mtoto juu ya moto na kuamini kwamba unamwokoa.

Basi Thelma anafanya nini anapogundua kwamba anampenda Anja? Anafanya kile alichofundishwa. Anapiga magoti. Anaomba kwa machozi, aondolewe mawazo yale. Lakini Thelma ana nguvu isiyo ya kawaida: anachokitaka kwa moyo wake wote, kinatokea. Na Anja anatoweka. Chumba chake kiko, nywele zake ziko, yeye hayupo. Aliomba kuondolewa upendo, akaondolewa mtu.

Mnaona filamu ya kutisha inavyoweza kufanya kazi? Mahubiri yangechukua saa nzima kueleza jambo hilo. Filamu imelieleza kwa kumwondoa mtu mmoja kwenye picha. Vijana wangapi wameomba hivyo usiku, na kila alfajiri wakajikuta wamepungua kidogo? Mwisho wa Thelma sitawasimulia. Atakayeipata ataona.

Mtu atasema: hayo ni mambo ya Wazungu, ya barafu na swala. Ndugu, subiri. Njoo nyumbani.

Mwaka 2023 alitokea Mkongomani mwenzetu, Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, akatoa filamu yake ndefu ya kwanza, Augure. Ilikwenda tamasha la Cannes na kurudi na tuzo ya sauti mpya katika kundi la Un Certain Regard. Ndani yake mnasikia Kifaransa, mnasikia Lingala, mnasikia Kiswahili chetu. Mtu anaitwa Koffi. Amezaliwa na alama mwilini, familia ikasema ni alama ya shetani, akaishia Ulaya. Sasa ni mtu mzima, ana mchumba Mzungu mwenye mimba, anarudi na mahari ili apate baraka za wazazi. Wanamkaribisha, lakini kwa mbali. Wanampa kichanga cha dada yake akibebe. Kwa hofu na joto na macho yote yale, pua yake inaanza kutoka damu. Tone linamwangukia mtoto.

Angalieni pale kinachotokea. Kila mtu hapa Bunia amewahi kuona pua ikitoka damu. Unainamisha kichwa, unatafuta kitambaa. Pale hakuna anayetafuta kitambaa. Wanapiga mayowe. Wanampokonya mtoto. Wanamwita mtu wa dini, na Koffi anashikwa kwa nguvu ili asafishwe. Kamera iko naye, iko karibu na uso wake. Sisi tunaotazama hatumwogopi Koffi. Tunawaogopa wanaomshika.

Koffi hapendi wanaume. Augure haisimulii hilo. Ila Baloji ameweka humo watu kadhaa ambao jamii imewageuzia kisogo. Yuko dada yake Koffi, Tshala, aliyechagua kuishi na kupenda kwa namna ambayo familia haiikubali. Yuko Paco, kijana wa mtaani, na kundi lake la wavulana wanaovaa magauni ya rangi ya waridi, na kamera haiwacheki hata mara moja. Namna ya kuwatenga ni ile ile kwa wote. Kwanza anapatikana mtoto asiyefanana na wengine. Halafu anapewa jina. Halafu kila kinachotokea, ugonjwa, kukosa kazi, kifo cha mjomba, kinawekwa juu ya jina hilo. Anayebadilika ni mtoto tu: leo ni mwenye alama, kesho ni yatima, keshokutwa ni mvulana anayetembea kwa namna isiyowapendeza watu.

Na kama mnadhani hayo ni ya sinema tu, mkumbukeni Rachel Mwanza. Alishutumiwa uchawi akiwa mtoto, akaishia kulala mitaani Kinshasa. Watu wa sinema wakamkuta, wakampa nafasi kubwa katika filamu Rebelle ya Kim Nguyen wa Kanada, iliyopigwa humu humu Kongo. Alicheza msichana aliyelazimishwa kushika bunduki, ambaye anaona mizimu ya waliokufa, na kwa ajili hiyo wakubwa wanamwona mchawi. Mwaka 2012, huko Berlin, akapewa Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mtoto aliyefukuzwa kwa jina la uchawi alisimama mbele ya dunia akicheza mtoto anayeitwa mchawi, na dunia ikampigia makofi. Nyumba iliyomfukuza ilikuwa imetupa nini?

Kwa majirani zetu Kenya iko Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2018. Hiyo si filamu ya kutisha, ni hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, na imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Rangi zake ni za furaha. Ila inayo dakika moja ambayo kwangu mimi inatisha kuliko filamu za mizimu: Kena anapelekwa kuombewa. Mikono inawekwa juu yake, sauti zinapanda, pepo anaamriwa atoke, na yeye yuko katikati, kimya, anasubiri waishe. Bodi ya filamu ya Kenya iliifungia kwa madai kwamba inahamasisha mapenzi ya jinsia moja, baada ya kutaka mwisho wake wenye matumaini ubadilishwe. Mahakama Kuu ikaifungulia kwa siku 7 mwezi wa Septemba mwaka ule, na watu wakajaza kumbi za Nairobi. Kilichowasumbua wakubwa, basi, ni kwamba msichana hakuadhibiwa mwishoni. Hilo linanisikitisha mpaka leo.

Nataka sasa niwaambie la hapa kwetu, bila jina la mtu na bila jina la kanisa. Kuna kijana alinieleza alivyowekwa katika maombi ya kufunguliwa. Alilazimishwa kufunga kavu, hakuna chakula, hakuna maji. Waombezi walimzunguka, wakamshika mabega, wakakemea. Nikamwuliza, ni nini kilikutisha zaidi? Nilidhani atasema njaa au yale mafuta waliyommwagia machoni. Akasema: katikati ya zile sauti nilisikia ya mama yangu. Ilikuwa inanikemea mimi. Yaani alikuwa anamkemea pepo, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Wazazi, nisikilizeni vizuri. Sisemi msiombe. Katika mji huu, bila sala wengi wetu tungekuwa tumerukwa na akili. Nasema tena: kuomba pamoja na mtoto, na kuomba dhidi ya mtoto. Unapoomba pamoja naye, mmepiga magoti upande mmoja, na anaweza kusema amechoka, anaweza kusimama akanywa maji, mlango uko wazi. Unapoomba dhidi yake, yeye yuko katikati na ninyi mmemzunguka. Ufunguo uko kwa mtu mwingine. Ukitaka kujua maombi ni ya aina gani, uliza tu: mtoto anaweza kutoka?

Sheria ya nchi yetu inasema nini? Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza kumtupa mtoto na kumtesa, na inataja wazi kumshutumu uchawi. Halafu ipo sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009. Ibara ya 160 inasema anayemshutumu mtoto uchawi anaweza kufungwa mwaka 1 hadi miaka 3, pamoja na faini. Mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Sisi wa Ituri tulipaswa kuijua sheria hiyo kwa moyo, maana hatujasahau Aru, mwezi wa Juni 2001, mamia ya watu walipouawa kwa neno hilo moja, mchawi.

Na kuhusu mapenzi ya jinsia moja, nawapa hali ilivyo. Kanuni ya adhabu ya Kongo haina kifungu kinachoyataja kuwa kosa, ingawa kifungu cha 176, kile cha kuvunja adabu hadharani, kimewahi kutumiwa dhidi ya watu hao. Ndoa, kwa katiba, ni ya mwanamume na mwanamke. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda, ambako wengi wetu tuna ndugu na biashara, sheria iliyotiwa saini Mei 2023 ni kali mno; imefika mpaka adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Kijana wa Bunia anayesoma Kampala anaishi chini ya sheria hiyo. Mzazi, mtoto wako akikwambia anaogopa kurudi chuoni, usimcheke. Mwulize.

Na kanisa? Nitasema la Katoliki kwa sababu maandiko yake yako wazi kwa kila mtu. Mwezi Januari 2024 maaskofu wa Afrika, kupitia Kardinali Ambongo wa Kinshasa, walisema hawatabariki wapenzi wa jinsia moja. Hilo mlilisikia, lilitangazwa sana. Lisilotangazwa sana ni kwamba Katekisimu ya kanisa lile lile, namba 2358, inaagiza watu hao wapokewe kwa heshima na huruma, na wasibaguliwe isivyo haki. Na Papa Fransisko, siku chache kabla hajatua Kinshasa mwaka 2023, alisema kwamba kuwa mtu anayependa wa jinsia yake si kosa la jinai. Msimamo wa ndoa hakuubadilisha. Alizungumza juu ya mtu. Nawaomba wachungaji wetu, wa Katoliki, wa CECA 20, wa Anglikana, wa makanisa ya uamsho: mkihubiri la ndoa, hubirini na hilo la mtu, siku hiyo hiyo, kwa sauti hiyo hiyo.

Kuna swali ambalo najua litakuja. Je, filamu kama hizi haziwezi kumharibu mtoto wangu, zikamfundisha mapenzi hayo? Nimeliwaza kwa muda mrefu. Thelma hakufundishwa na filamu. Katika nyumba yake hapakuwa na kitu chochote cha kumfundisha isipokuwa Biblia na mshumaa, na bado moyo wake ulikwenda ulikokwenda. Filamu haimpi kijana moyo mwingine. Inampa mahali pa kuona kwamba yule anayetetemeka kwenye picha si pepo. Mzazi akiketi karibu naye na kutazama pamoja, inampa mzazi pia nafasi ya kuuliza jambo ambalo mezani haliulizwi. Si lazima uanze na wewe na yeye. Anza na wa kwenye filamu: unaonaje, yule baba alifanya vizuri? Halafu nyamaza, msikilize. Usikimbilie kujibu.

Na wewe kijana unayenisikiliza kwa simu, sikioni, chini ya blanketi, ili wenzako chumbani wasijue kipindi gani umefungua. Nazungumza nawe pia. Hujalaaniwa. Alama uliyozaliwa nayo, namna unavyotembea, mtu unayempenda, hakuna kati ya hivyo kilichomwua mjomba wako au kumfukuza baba yako kazini. Ukifungiwa, ukinyimwa chakula na maji kwa jina la maombi, hilo ni mateso, na una haki ya kutoka. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, yaya yako, shangazi, mwalimu, muuguzi. Polisi wana kikosi cha kulinda watoto na wanawake, na ipo mahakama ya watoto. Najua si kila mlango utafunguka mara ya kwanza. Gonga wa pili.

Muda wangu unakwisha, fundi ananionyesha saa. Wenye maswali yaandikeni, myalete hapa mapokezi, hata bila jina. Nitayasoma yote, na ya wanaonipinga nitayasoma kwanza. Wiki ijayo, saa kama hii, tutakwenda Mongbwalu, tuzungumze juu ya watoto wanaoshinda katika machimbo ya dhahabu wakati wenzao wako darasani.